Ubongo Hauna Namba za Nyumba

Leo naweka kando seva na hifadhidata, nizungumze juu ya ubongo. Usikimbie! Ukitazama vizuri utaona ni suala la anwani tu, na anwani ni kazi ya kila siku kwetu sisi tunaounda programu.

Naanza na hoja yenyewe ili asiye na muda aisome kisha aende zake. Programu yoyote inayochora ramani ya ubongo na kumwambia daktari "mkono uko hapa" inapaswa kuanzia kwenye alama zinazoonekana katika ubongo wa mgonjwa mwenyewe, sio kwenye namba zilizopimwa katika bongo za watu wengine. Na hata baada ya kuziona alama hizo, programu ikiri kwamba jibu la mwisho hutolewa na ubongo wenyewe ukiulizwa. Tukipanga kinyume cha hapo, tutakuwa tunamwekea daktari rangi za kupendeza kwenye kiwambo huku tukimpotosha.

Na hili si jambo la kubishania kwenye chai tu. Chukua mfano wa fundi wa cherehani mwenye uvimbe kichwani, karibu na sehemu inayoendesha mkono wake wa kulia. Daktari akikata milimita chache upande usiofaa, fundi atatoka hospitalini akiwa hai lakini mkono umelala. Akiogopa akakata kidogo mno, uvimbe unabaki. Kati ya makosa hayo mawili kuna njia nyembamba, na siku hizi sehemu ya kazi ya kuionyesha njia hiyo imeachiwa programu. Yaani imeachiwa watu kama mimi na wewe.

Mtaa wenyewe ukoje?

Ngozi ya juu ya ubongo, yaani gamba lake, ina unene wa milimita 2 hadi 4 hivi. Ni pana kuliko fuvu linavyoweza kubeba, kwa hivyo imejikunja. Palipoinuka ni matuta, palipozama ni mifereji. Shamba lililolimwa, basi.

Mfereji unaotuhusu leo unaitwa mfereji wa kati. Wengine huuita mfereji wa Rolando, kwa heshima ya Luigi Rolando wa Italia. (Félix Vicq d'Azyr wa Ufaransa alikuwa ameuchora mapema zaidi, mwaka wa 1786, lakini ndivyo mambo ya majina yalivyo.) Unaanzia karibu na utosi na kuteremka ubavuni ukielekea mbele kidogo. Kuna mmoja upande wa kushoto na mwingine upande wa kulia.

Tuta lililo mbele ya mfereji huo ndilo gamba la mwendo. Ndilo linalotuma amri kwa misuli. Tuta lililo nyuma yake ni gamba la hisi. Ndilo linalopokea habari za mguso kutoka kwenye ngozi, na habari za viungo vimekaa vipi. Mbele amri zinatoka, nyuma ripoti zinaingia. Na nyaya zimevukana: upande wa kushoto wa ubongo huendesha mkono wa kulia, na wa kulia huendesha wa kushoto.

Korbinian Brodmann wa Ujerumani, ambaye mwaka wa 1909 aliyapa maeneo ya gamba namba kwa kuangalia seli zake kwa darubini, alilipa gamba la mwendo namba 4, na gamba la hisi namba 3, 1 na 2. Tofauti hiyo ni ya kweli kabisa. Katika eneo la 4 mna seli kubwa ajabu ambazo Vladimir Betz wa Kyiv alizieleza mwaka wa 1874. Shida ni kwamba daktari aliyeshika kisu hana darubini. Hata picha ya kawaida ya MRI haimwonyeshi seli. Anachokiona ni matuta na mifereji tu, na kwa jicho lisilozoea matuta yote yanafanana.

Unafikaje hapo?

Hapa ndipo Mkenya yeyote angeelewa haraka. Ukimwelekeza mgeni nyumbani kwako humpi latitudo na longitudo. Unamwambia shuka steji fulani, pita kanisa, ukiona duka lenye mabati ya kijani kata kushoto. Wasomaji wa picha za ubongo nao hufanya vivyo hivyo. Hizi hapa ndizo baadhi ya alama zao, wakitazama picha ya MRI ya mkato wa mlalo, karibu na utosi:

1. Tafuta mfereji mrefu wa juu unaotoka kwenye paji la uso kurudi nyuma, sambamba na mstari wa katikati. Unapoishia, unakutana na mfereji mwingine unaoukata kama pembe ya mraba. Huo wa pili ni mfereji ulio mbele ya tuta la mwendo. Vuka tuta hilo moja. Mfereji unaofuata nyuma yake ndio wa kati.

2. Tafuta kinundu cha mkono. Katika tuta la mwendo kuna mahali pamebenuka kuelekea nyuma, pakasukuma mfereji wa kati ukapinda. Kwenye mkato wa mlalo umbo lake ni kama herufi ya Kigiriki omega iliyopinduliwa. Ukitazama mkato wa wima kutoka ubavuni, ni kama ndoana. Mwaka wa 1997 Tarek Yousry na wenzake walionyesha katika jarida la Brain kwamba kinundu hicho ndipo mwendo wa mkono unapokaa. Kwangu mimi hii ndiyo alama bora kuliko zote, kwa sababu ukishaijua huwezi tena kutoiona.

3. Angalia pale katikati, kati ya nusu mbili za ubongo. Kuna mfereji mwingine unaopanda pande zote mbili na kufanya kitu kama mabano. Mfereji wa kati huwa mbele ya mabano hayo.

4. Pima unene. Gamba la mwendo ni nene kuliko gamba la hisi linalotazamana nalo ng'ambo ya mfereji.

Tazama kwamba hakuna alama hata moja hapo inayotosha peke yake. Ukipata mbili zinazokubaliana unatulia. Ukipata tatu unatabasamu. Zikigombana, unasimama na kuuliza. Hiyo ni tabia njema ya uhandisi, na imekuwapo kabla yetu.

Namba zilitoka wapi?

Sasa tuje kwenye upande wetu. Tarakilishi haipendi "pita kanisa, kata kushoto". Inapenda namba tatu, tuseme -38, -20, 58, yaani milimita kwenda kushoto, kwenda nyuma na kwenda juu kutoka kwenye nukta fulani ndani ya ubongo. Ukiuvuta na kuubana ubongo wa kila mtu hadi ulingane na kiolezo kimoja, basi kila pahali panapata namba, na namba hiyo unaitafuta kwenye jedwali. Jedwali linajibu: mkono.

Ni mpango mzuri. Lakini kiolezo ni cha nani? Atlasi maarufu ya Talairach na Tournoux ya mwaka wa 1988 ilitokana na ubongo mmoja, wa mwanamke Mfaransa wa miaka 60 aliyekuwa ameshafariki. Mmoja! Baadaye taasisi ya neva ya Montreal, Kanada, ilitengeneza kiolezo kwa wastani wa watu 305, kisha kingine cha watu 152. Hicho cha 152 kilienea sana kwenye programu za utafiti. Walikuwa watu wenye afya, wengi wao vijana.

Tena namba za atlasi ya kwanza na za violezo vya Montreal hazilingani. Seti ileile ya namba inaweza kuangukia pahali panapotofautiana kwa milimita kadhaa. Ni kama kuhifadhi saa kwenye hifadhidata bila kusema ni saa za Nairobi au za London. Wote tunajua mambo hayo huishia wapi :-)

Tusielewane vibaya. Simaanishi kwamba ubongo wa mtu wa Kakamega una umbo lake na wa mtu wa Montreal lake. Ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kutofautiana katika mikunjo yao. Ninachosema ni kwamba wastani wa watu 152 ni ubongo ambao hakuna hata mmoja wao anao. Ukiutazama wastani huo utaona mifereji imefifia kama picha iliyotikisika, kwa sababu mfereji wa huyu umeangukia kwenye tuta la yule. Wastani unakula alama, na alama ndizo tulizokuwa tunazihitaji.

Na yule fundi wetu ana uvimbe. Uvimbe husukuma. Maji yanayojaa kuuzunguka nayo husukuma. Mfereji wake wa kati huenda umehama kutoka pale ambapo jedwali lingeutarajia. Kiolezo cha watu wenye afya hakina habari hiyo.

Kijitu cha Penfield

Huenda umeona ile picha ya mtu wa ajabu aliyelazwa juu ya ubongo, midomo mikubwa, mikono mikubwa, mgongo mwembamba. Tumwite kijitu. Historia yake inafaa kujulikana, kwa sababu wengi wetu tumeigeuza jedwali la anwani.

Mwaka wa 1870 Gustav Fritsch na Eduard Hitzig, huko Berlin, waligusa ubongo wa mbwa kwa umeme kidogo na kuona miguu ya upande wa pili ikicheza. Tangu hapo ikajulikana kwamba mwendo una makao yake kwenye gamba. Kisha akaja Wilder Penfield, daktari wa upasuaji huko Montreal, aliyekuwa akiwapasua wagonjwa wa kifafa wakiwa macho. Ubongo wenyewe hausikii maumivu. Ganzi inatosha kwenye ngozi na mfupa. Aligusa gamba kwa elektrodi, mgonjwa akasema "nahisi kidole gumba" au mdomo ukavutika, na vikaratasi vidogo vyenye namba vikawekwa pale palipojibu. Mwaka wa 1937 yeye na Edwin Boldrey walichapisha matokeo ya wagonjwa wengi waliopasuliwa hivyo. Kijitu tunachokijua leo kilienea kupitia kitabu alichoandika na Theodore Rasmussen mwaka wa 1950.

Utaratibu wake ni huu: mguu uko juu, umejificha pale kati ya nusu mbili za ubongo. Ukiteremka ubavuni unakuta kiwiliwili, mkono, vidole, uso, hadi ulimi. Ukubwa unafuata ufundi wa kiungo, si mwili wake. Ndio maana vidole vina eneo pana kuliko mgongo mzima.

Penfield mwenyewe alijua kwamba hicho ni kibonzo na kwamba usahihi wa kisayansi hauwezekani ndani yake. Tuliokuja baadaye tukasahau. Tukakichukua kibonzo tukakifanya jedwali: safu moja, kiungo kimoja, mipaka iliyonyooka.

Jedwali hilo limetikiswa vibaya. Mwaka wa 2020 Francis Willett na wenzake walirekodi seli kwenye kinundu cha mkono cha watu waliopooza, na wakakuta seli hizo zinajibu pia mtu anapojaribu kusogeza uso, shingo, hata mguu. Mwaka wa 2023 Evan Gordon, Nico Dosenbach na wenzao walichapisha katika jarida la Nature kwamba kati ya eneo la mguu, la mkono na la mdomo kuna maeneo mengine yaliyopenyezwa, ambayo hayaendeshi kiungo kimoja bali yanashirikiana na mitandao ya kupanga vitendo vya mwili mzima. Kijitu, kumbe, kimekatwakatwa na kati ya vipande vyake kuna ofisi za serikali kuu.

Je, basi alama hazina maana? Hapana, na hapa nataka twende pole pole. Hoteli ya Hilton katikati ya Nairobi ilifunga milango yake mwisho wa mwaka wa 2022, lakini watu bado hukubaliana kukutana pale Hilton na hukutana kweli. Jengo ni alama. Nani yumo ndani ni swali lingine. Kinundu cha mkono ni jengo: kimesimama, kinaonekana, kinakufikisha. Kosa ni kudhani kwamba ukishalijua jengo umewajua wapangaji wote.

Uliza ubongo

Ndio maana daktari mzuri akishafika kwa alama hubisha hodi. Njia ninayoipenda kuliko zote ni ya kitarakilishi kabisa. Neva ya kifundo cha mkono inachokozwa kwa umeme mdogo, na ukanda wa elektrodi unalazwa juu ya ubongo ukiuvuka mfereji unaodhaniwa kuwa wa kati. Baada ya milisekunde 20 hivi jibu linafika. Nyuma ya mfereji wimbi linaelekea upande mmoja, mbele yake linageuka kichwa chini. Pale linapogeukia ndipo mfereji wa kati ulipo. Hiyo ni pingi, jamani! Umetuma pakiti kutoka mkononi, imerudi, na sasa unajua mashine iko wapi kwa ushahidi.

Zipo njia nyingine. Daktari anaweza kugusa gamba kwa umeme kama Penfield. Mgonjwa anaweza kulala ndani ya mashine ya MRI akigonganisha vidole huku mabadiliko ya oksijeni ya damu yakipimwa, ingawa karibu na uvimbe ishara hiyo inaweza kudhoofika. Na tangu mwaka wa 1985, Anthony Barker na wenzake walipoonyesha jambo hilo huko Sheffield, Uingereza, inawezekana kuchokoza gamba la mwendo kwa sumaku kutoka nje ya fuvu na kuona vidole vikiruka.

Wanaounganisha ubongo na tarakilishi nao wanafuata mwendo huohuo. Matthew Nagle, ambaye mwili wake ulikuwa umepooza kutoka shingoni kwenda chini, aliwekewa mwaka wa 2004 kipande cha milimita 4 kwa 4 chenye elektrodi 96 za kurekodi. Kiliwekwa wapi? Kwenye tuta la mwendo, eneo la kinundu. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2006: aliweza kusogeza kishale kwenye kiwambo na kufungua barua pepe kwa kufikiria tu. Mwaka wa 2021 mtu mwingine aliyepooza, mwenye vipande viwili eneo hilohilo, aliandika herufi 90 kwa dakika kwa kuwazia tu kwamba anaandika kwa kalamu. Alama iliwafikisha. Baada ya hapo kazi ya kuelewa kila seli inasema nini ilifanywa kwa kuiuliza, si kwa kusoma jedwali.

Kuna watakaoniambia: lakini siku hizi mashine inajifunza yenyewe, ipe picha elfu kumi itautambua mfereji wa kati kuliko wewe. Nakubali, na iachwe ijifunze. Tena nakubali kwamba bila namba za pamoja huwezi kulinganisha watu elfu moja katika utafiti. Namba ni za utafiti wa wengi. Mgonjwa mezani ni mmoja. Na mashine iliyojifunza ikikosea karibu na uvimbe, haitakosea kwa haya. Itapaka rangi ileile nzuri kwa ujasiri uleule.

Kwa hivyo napendekeza hivi kwa yeyote anayeandika programu za aina hii, iwe Nairobi au kwingineko:

Kwanza, onyesha alama zilizotumika. Daktari akibonyeza "mkono", programu imwonyeshe kinundu, mfereji wa juu na mabano, ili ahakikishe kwa macho yake.

Pili, alama zikigombana, sema zinagombana. Usichukue wastani wa ugomvi.

Tatu, andika namba zimetoka kwenye kiolezo gani, kila pahali, kila mara.

Nne, mpe daktari njia rahisi ya kusahihisha. Jibu la pingi likiingia, lipewe uzito kuliko ramani.

Tano, soma anatomia kabla ya kuandika msimbo. Jioni mbili na kitabu kimoja zinatosha kuanza. Hatungekubali mtu aandike programu ya benki bila kujua salio ni nini.

Hakuna gumu hapo. Hayo yote yanawezekana kwa vifaa tulivyo navyo, na hayahitaji mtaji bali nidhamu tu. Kinachonikera ni kuona watu wa fani yangu wakiona fahari kutoa jibu moja, safi, lisilo na shaka, kana kwamba shaka ni hitilafu ya kurekebishwa. Katika kazi hii shaka iliyoandikwa wazi ndiyo inayomfanya daktari asimame, aweke ukanda wa elektrodi, na asubiri zile milisekunde 20. Mkono wa fundi una thamani kuliko urembo wa kiwambo chetu.